Hapana, Si Bangi. Ni Managu.

Wale mliosikiliza kipindi chetu cha mboga za kienyeji mlituma maswali mengi, na mengi yalikuwa swali lilelile likivaa nguo tofauti: dada, hebu sema ukweli, ndani ya hilo hema unalima nini? Kwenye maikrofoni tulicheka mpaka tukasahau kujibu, kwa hivyo najibu hapa. Nalima managu, terere na saga. Ndani ya nyumba, DeSoto, Texas, chini ya taa ya LED. Lakini swali lenu si la kijinga. Kuna mtu mmoja nyumbani kwetu aliyetaka jibu liwe lingine, na tuliongea naye usiku mmoja hadi saa saba. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisitaje jina.

Kwanza, kwa nini ndani. Watu wananiambia Texas kuna jua la kutosha, panda nje bwana. Jua lipo, tena la kuua. Julai na Agosti hapa joto linapita digrii 38 na sukuma inageuka karatasi. Terere ndiyo inalipenda joto hilo, lakini ikifika Desemba baridi kali ya usiku mmoja inamaliza terere na managu pamoja. Halafu kuna udongo. DeSoto iko kusini mwa Dallas, jirani na Cedar Hill na Lancaster, na huku tumekalia udongo mweusi mzito unaonata ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukiwa umewahi kusukuma gari Kitengela wakati wa mvua unaujua, ni ndugu yake kabisa, wataalamu wanaziweka aina zote mbili katika kundi moja. Hapa umepewa heshima ya kuwa udongo wa jimbo na unaitwa Houston Black. Una rutuba nzuri sana, ila unapovimba na kusinyaa unapasua hata misingi ya nyumba. Nyumba yetu ni ya kukodi na mkataba unasema hakuna kuchimba. Basi.

Na kwa nini managu? Kwa sababu Mama anafanya kazi zamu ya usiku, anarudi saa moja asubuhi amechoka, na kitu pekee anachokula kwa furaha ni ugali na mboga chungu iliyolala kwenye maziwa. Ile ya duka inakuja imeganda kama tofali, na bei yake ukiigeuza kwa shilingi utalia.

Sasa, ukitaka kujifunza kulima ndani ya nyumba Marekani, jua mapema kwamba walimu wako ni wakulima wa bangi. Hakuna njia ya kuzunguka hilo. Mtu wa nyanya atakuambia mambo mawili matatu kuhusu dirisha. Mtu wa bangi atakuambia taa ikae sentimita ngapi juu ya jani, unyevu wa hewa uwe asilimia ngapi, na kwa nini feni ipulize mimea badala ya kupuliza ukuta. Hawa watu wamekuwa wakijifungia kwenye vyumba vya chini kwa miongo mingi kwa sababu sheria iliwafukuza juani, na wakiwa huko wakawa mabingwa. Nyingi ya taa na hema tunazonunua leo kwa bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili yao. Mimi nawashukuru hadharani.

Zamani walitumia taa kubwa za sodiamu, wati 600 au 1,000, zinazotoa joto kama jiko la makaa. LED ilibadilisha hesabu. Zile za kwanza zilikuwa na rangi mbili tu, nyekundu na buluu, kwa sababu ndizo rangi ambazo jani linazinyonya sana, na zikichanganyika zinatoa ule mwanga wa zambarau ambao ukionekana dirishani kila mtu mtaani anafikiria jambo moja. Siku hizi nyingi ni nyeupe, zimeongezwa nyekundu kidogo, na unaweza kuona kama jani lina ugonjwa bila kujisikia uko klabu. Kama unaanza, nunua nyeupe. Na usiangalie ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, ati wati 1,000. Tafuta wati inazovuta kweli kutoka ukutani. Yangu inavuta 100. Inawaka saa 16 kwa siku, hiyo ni kilowati-saa 1.6, kwa mwezi 48. Mimi nalipa kama senti 15 kwa kila moja, kwa hivyo taa inanila dola 7 na senti kidogo. Hema la sentimita 60 kwa 60, taa, feni ndogo na taima vilikuja kama dola 190 kwa jumla.

Kwa nini saa 16? Hapa ndipo somo la bangi linapendeza. Bangi ni mmea wa siku fupi: ukiipa mwanga saa 18 inaendelea kutoa majani, ukiipunguzia hadi saa 12 inaamini msimu unaisha na inaanza kutoa maua. Maua ndiyo wanayoyataka wao. Terere nayo, aina nyingi, ina tabia hiyohiyo. Ukiiachia siku fupi inachanua ingali ndogo, majani yanakuwa madogo na magumu, na Mama atakuuliza umemletea maua ya mazishi? Kwa hivyo sisi tunaishi kwenye nusu ya kwanza ya kitabu cha wakulima wa bangi na nusu ya pili hatuifungui. Mambo yao ya kupunguza naitrojeni wakati wa maua, kuzima taa, kukausha, kuvundika kwenye chupa, yapite tu. Mboga ya majani inataka naitrojeni mpaka siku ya kisu.

Mengine ni ya kawaida. Mche ukikosa mwanga unarefuka, unakuwa uzi, unalala, teremsha taa. Majani ya juu yakijikunja na kupauka, ipandishe. Maji ndiyo yanaua mimea mingi kuliko kiu: nyanyua chungu, kikiwa chepesi mwagilia, kikiwa kizito ondoka zako. Udongo ukibaki umelowa juu wiki nzima utapata vile vijinzi vidogo vyeusi na hutalala. Terere unaanza kuvuna wiki ya nne au ya tano. Managu haina haraka, mbegu zenyewe zinaweza kukaa wiki mbili ardhini zikikufikiria.

Na mbegu, tafadhali, usizifunge kwenye soksi kutoka Kisii. Mbegu za kupanda kutoka nje zinahitaji karatasi, cheti cha afya ya mimea au kibali, na wale wa forodha uwanjani hawana mzaha. Terere iko kwenye katalogi za hapa kwa sababu Wajamaika na Waasia pia wanaila. Managu ndiyo ilinishangaza: ile yenye majani mapana, ambayo kwa Kilatini ni Solanum scabrum, inauzwa Marekani kwa jina la garden huckleberry, na wao wanailima kwa ajili ya matunda meusi ya kutengenezea jemu. Majani wanatupa! Matunda mabichi ya kijani yana sumu, hayo usiguse. Lakini fikiria kuna bibi Ohio anatupa managu nzima kwenye mboji kila msimu.

Turudi kwenye lile swali lenu. Jirani yetu wa upande wa kushoto, mzee mstaafu mwenye heshima zake, alinisimamisha karibu na masanduku ya barua akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hana shida na mtu, ila dirisha langu linawaka sana usiku. Nikamwingiza ndani akaona. Aliondoka na mfuko wa terere, na sasa anaipika kama kolardi, na nyama ya bata mzinga ya kuvuta moshi. Nilicheka, lakini baadaye nikaenda kusoma, na niliyosoma hayakunichekesha.

Mwaka 2011 baba mmoja wa familia ya Harte, mkazi wa Leawood, Kansas, aliwapeleka watoto wake wawili kwenye duka la vifaa vya haidroponiki, kwa ajili ya kulima nyanya na mboga nyingine kwenye chumba cha chini. Nje ya duka kulikuwa na polisi aliyekuwa akiandika namba za magari ya wateja. Miezi ikapita. Polisi wakachambua takataka za familia hiyo, wakakuta majani yaliyolowa, wakayapima kwa kipimo cha papo hapo, kikasema bangi. Yalikuwa majani ya chai. Tarehe 20 Aprili 2012 asubuhi wakaingia na bunduki, wakaikalisha familia chini ya ulinzi zaidi ya saa mbili, wakakuta nyanya. Baba na mama wote wawili walikuwa wamewahi kufanya kazi CIA. Sasa jiulize kama jina lako ni letu na lafudhi ya mamako ni yetu.

Upande wa pili kuna kesi ya Kyllo, ya Oregon. Maafisa walielekeza kamera ya kupima joto kwenye nyumba ya mtu kutoka barabarani, wakaona paa la gereji na ukuta wa pembeni wa nyumba una joto kuliko kwingine, wakapata hati ya upekuzi, wakakuta bangi zaidi ya mimea 100. Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua mwaka 2001, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kuichungulia nyumba ya mtu kwa chombo kama hicho ni upekuzi, na unahitaji hati kwanza. Kwa hivyo joto la nyumba yako ni lako. Takataka zikishafika barabarani si zako. Mimi nilinunua pazia zito la dola 18 na nikaendelea na maisha.

Lakini huyu mtu wetu wa nyumbani. Ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo ni ndugu yako, hatuna habari ya binamu. Alikuja 2022 kwa bahati nasibu ya grini kadi, ana miaka 24, anafanya kazi bohari ya mizigo upande wa Lancaster, mpole, anatuma pesa nyumbani kila mwezi bila kukumbushwa. Jioni moja alisimama mbele ya hema likiwa wazi akasema, "Dada, si tuweke mmea mmoja tu hapo kona?"

Nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alikuwa na hoja zake zimepangwa. Ati sheria zinalegea kila mahali. Ati hata Kenya Wajackoyah aligombea urais 2022 akiahidi bangi ilipe madeni ya taifa, na akawa wa tatu. (Nikamkumbusha kwamba wagombea walikuwa wanne.) Ati Dallas walipiga kura. Ati hivi vitu vinauzwa madukani hapa, vina picha za katuni, mchana kweupe, kwa nini iwe kosa kukilima kinachouzwa? Na ile hoja yake ya mwisho aliisema polepole: mgongo unamuuma, bohari inamvunja, na akivuta kidogo analala.

Hiyo ya mwisho sikuwa na jibu la haraka. Hizo nyingine nilikuwa nalo, kwa sababu nilishasoma.

Dallas, ndiyo, Novemba 2024 wapiga kura walipitisha pendekezo kwamba polisi wa jiji wasimkamate mtu mwenye bangi isiyozidi aunsi 4. Mwanasheria mkuu wa jimbo akakimbilia mahakamani kulipinga. Ila hata lingesimama, sisi hatukai Dallas. DeSoto ina polisi wake. Ukivuka mpaka kwenye gari hata huoni, hakuna kibao kinachokuambia kura ile imeishia hapa.

Yale ya dukani yanatoka kwenye sheria ya 2019 ya jimbo, iliyohalalisha hempu yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Ni mmea uleule, tofauti ni namba ya maabara. Wabunge walipitisha muswada wa kupiga marufuku bidhaa hizo mwaka 2025 na gavana akaukataa mwezi Juni. Kuzinunua ni jambo moja. Kulima hata hiyo hempu unahitaji leseni ya idara ya kilimo ya Texas, na hawaitoi kwa mtu mwenye hema la sentimita 60 nyuma ya kabati la Mama.

Na bangi yenyewe, Texas wanaipima kwa uzito. Hawakuulizi ulikuwa unalima au ulinunua. Hadi aunsi 2 ni hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000. Ikivuka aunsi 4 hadi pauni 5 inakuwa kosa kubwa la jinai, siku 180 hadi miaka 2. Mmea mmoja uliotunzwa vizuri chini ya taa kama yangu unaweza kuvuka aunsi 4 bila kujitahidi. "Mmea mmoja tu" haipo kwenye mizani yao.

Akasema, "Sawa, lakini watu wanapewa onyo tu, mimi namjua jamaa kazini."

Jamaa wa kazini amezaliwa Duncanville. Hapa ndipo nilipovuta kiti nikakaa. Sheria ya uhamiaji ya shirikisho inasema mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya dawa za kulevya anaweza kuondolewa nchini, isipokuwa kosa moja tu, la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Aunsi 2 ni karibu gramu 57. Yaani kosa lile dogo kabisa la Texas, lile ambalo wakili wa bure atalifurahia, mstari wake uko mbali kuliko mstari wa shirikisho. Tena kuna mtego ambao watu wetu wengi hawaujui: mahakama za hapa hupenda kumpa kijana mpango wa kukiri, akae kwenye uangalizi, kisha kesi ifutwe bila hukumu. Kwa raia ni zawadi. Kwa uhamiaji, ukishakiri na hakimu akakuwekea masharti, hiyo ni hatia, hata kama jimbo linasema haipo. Na usidhani ukihamia Colorado unapona: tangu Aprili 2019 idara ya uraia imeandika wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kukunyima uraia hata pale jimbo linaporuhusu. Mtu amejibu swali kwa ukweli kwenye mahojiano, ndiyo nilivuta Denver, ikawa shida.

Alikaa kimya. Kisha akaniuliza kitu ambacho ndicho kilichofanya nitake kuandika haya. "Na wewe je, wakikuta kwako?"

Mimi nimezaliwa hapa, hospitali ya Dallas. Wakinikuta na mmea uleule, hema lilelile, usiku uleule, nitatafuta wakili, nitalipa, nitakosa kazi fulani, nitaaibika kanisani. Hakuna atakayenipandisha ndege. Yeye na mimi tumekula sahani moja, mamazetu wamenyonya titi moja, na karatasi mbili zinatufanya tuwe watu wawili mbele ya chungu kimoja cha udongo. Nikamwambia hivyo. Hakufurahi. Akasema, "Kwa hivyo wewe ungeweza kuweka." Nikamwambia ndiyo, ningeweza kuthubutu. Lakini nyumba ina watu watatu, na polisi wakiingia hawatauliza nani alimwagilia maji.

Wako watakaosema nilimtisha kijana. Labda. Mimi naona vipindi vyetu vinapenda sana kuongea juu ya bangi kama suala la wazazi wa zamani na watoto wa kisasa, nani mshamba, nani ameelewa. Tunachekana na mama zetu wanaosema bangi inaleta wazimu. Lakini mama zetu wengi hawaogopi moshi. Wanaogopa ile barua. Sisi tuliozaliwa huku tunaweza kumudu kuiona ni mada ya utani kwa sababu barua hiyo haitatujia.

Mgongo tuliushughulikia kivyake. Alienda kliniki ya jamii inayotoza kwa kipato, akapewa mazoezi na barua ya kupunguziwa mizigo mizito, na bohari ikamhamishia kwenye kuchanganua maboksi. Usingizi bado unamsumbua, sitadanganya. Wiki kama mbili hakugusa hema wala kuniongelesha vizuri. Halafu Jumamosi moja nikakuta chungu kigeni pale kona, kimepandwa pilipili kichaa, kimeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino, na taa imepandishwa sentimita tano bila kuniomba. Nimeiacha hapohapo. Anastahili kuomba uraia 2027 na Mama ameshaanza kumuuliza maswali ya mtihani akiwa anachambua managu.

Wiki ijayo tunajaribu kumleta wakili wa uhamiaji kwenye kipindi, kwa hivyo tumeni maswali, ya kweli, hata bila majina. Na kwa yule aliyeuliza: saga inaota vizuri zaidi mbegu zikikaa miezi michache baada ya kuvunwa, na ndiyo, hema zima litanuka. Si vile jirani anavyodhani.